Maneno Pacha ya Mama Kamusi

Jumatatu, 3 Machi
Mama Kamusi anastaafu Ijumaa! Miaka thelathini na mmoja amesahihisha kila karatasi inayotoka kwenye kiwanda chetu cha uchapaji. Mwanamke wa ajabu. Anaona kosa kabla hajavaa miwani. Kiti chake cha dirishani bosi atampa mmoja kati yetu wawili: mimi, msaidizi wake, au Nukta, mpanga kurasa. Nukta hajui Kilatini. Mimi pia sijui, ila yeye hajui zaidi.

Jumanne, 4 Machi
Mpango umeiva. Kazi ya leo: kadi za mahafali ya shule, kwa Kiingereza. Mgeni rasmi ni mkaguzi wa elimu, nao wameandika “official guest”. Kavu! Nikalipamba: “officious guest”. Hilo limevaa tai. Nikapitisha bila kumwonyesha mtu. Kadi mia tatu!

Jumatano, 5 Machi
Mwalimu mkuu kaja amevimba. Kumbe nimemtangaza mkaguzi kuwa mgeni mwenye kiherehere. Bosi hata hajafungua mdomo, Mama Kamusi akasimama na kusema kosa ni lake, kadi zilipita mezani kwake. Uongo mtupu! Nilitamani ardhi inimeze.

Baadaye akaniita. Hakunigombeza. Akaniambia maneno yale ni ndugu, mama yao ni neno moja la Kilatini, officium, yaani wajibu. “Official” alibaki ofisini. “Officious” zamani alikuwa mtu mwema, mwepesi wa kusaidia, ila akazidi kusaidia hata wasiomwomba, mpaka jina likaharibika. Nikamwambia anaongea kama anamsema shemeji yake. Akacheka mpaka akafuta machozi, akasema maneno nayo yana kwao, ukipajua kwao hayakusumbui. Nampenda mama huyu, sifichi.

Nikaomba pacha wengine. Akanipa “ingenious”, mwenye kipaji cha kuzaliwa nacho, na “ingenuous”, ambaye kwa Walatini alikuwa mtoto wa muungwana, siku hizi ni mtu asiyejua hila, ukimdanganya anaamini. Nikamwuliza mimi ni yupi. Akanitazama kwa huruma, akasema wa pili, mwanangu. Muungwana! Nimetembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Alhamisi, 6 Machi
Bosi ametangaza: atakayeandika maneno bora ya ngao ya kumuaga Mama Kamusi ndiye atakayerithi kiti. Nukta kaandika “Asante kwa kazi njema”. Kwa Kiswahili! Hana hata aibu.

Mama Kamusi kaniazima kamusi yake ya Kilatini, pembeni imejaa maandishi yake madogo ya penseli. Nimeisoma kwa mikono miwili. Nimepata “venerable”, anayestahili heshima. Zuri, lakini kila mzee anaitwa hivyo. Pembeni penseli inasema ukoo wake unafika kwa Venus, mungu wa kike wa mapenzi. Je, hana ndugu mwenye vyote viwili?

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Nimempata ndugu: “venereal”. Nililikumbuka kutoka bango la zahanati, juu ya boksi la kondomu za bure. Herufi kubwa nyekundu, na wote waliokaa chini yake wameinamisha macho. Heshima iliyoje! Nikaandika: “To Our Venereal Mother”. Mapenzi na heshima kwa neno moja.

Nukta akasema tumwonyeshe kwanza Mama Kamusi. Kijicho! Nikamjibu zawadi haionyeshwi kabla ya kutolewa. Bosi akasoma mara mbili, akakiri haelewi vizuri ila linasikika zito. Kiti ni changu! Nimeshakikalia.

Ngao imechongwa, herufi za rangi ya dhahabu. Anakabidhiwa saa kumi jioni, mbele ya wanawe na wakwe zake wote, na mimi ndiye nitakayesoma kwa sauti. Mkwewe mkubwa, nimeambiwa, ni daktari. Afadhali, angalau mmoja ataelewa.