Waziri Aliyejiuzulu kwa Muda

Serikali ilipenda kuutangazia umma, kupitia redio zote na televisheni zote, kwamba kwa mara ya kwanza tangu bendera ya taifa ipandishwe mlingotini, waziri mwandamizi alikuwa amejiuzulu akiwa hai, mwenye meno yake yote, na bila kusukumwa na mwanajeshi hata mmoja. Tangazo lilisomwa kwa Kiingereza, likarudiwa kwa Kitwi, lugha ya nyumbani, kisha ukapigwa wimbo wa taifa. Wananchi waliombwa wasiwe na wasiwasi, kwani hayo ndiyo matunda ya demokrasia iliyokomaa.

Mheshimiwa Kwadwo Amponsem, Waziri wa Mikusanyiko na Umbali, alilisikiliza tangazo hilo sebuleni kwake huku akila ndizi za kukaanga. Aliliona limekaa vizuri. Alikuwa ameliandika mwenyewe.

Kosa lenyewe, kwa maoni yake, halikuwa la kumnyima mtu usingizi. Alipimwa, akakutwa na korona, na kanuni alizotunga kwa mkono wake zikamwagiza ajifungie chumbani. Badala yake alikwenda kwenye msiba wa baba mkwe wake, msiba ambao nao haukupaswa kuwa na umati ule wala ngoma zile, akashikana mikono na uwanja mzima kuanzia kulia hadi kushoto kama mtu aliyelelewa akaleleka. Angefanyaje? Kumruka mtu mmoja ni tusi. Bahati mbaya mpiga video wa msiba alikuwa fundi, akamfuata mkono kwa mkono, tena kwa karibu, na nchi nzima ikaona.

Rais alimwita, wakazungumza kama watu wazima.

"Kwadwo, toka kidogo," Rais alimwambia. "Watu wa kwenu wakija kukuombea, nitakurudisha siku hiyohiyo. Lakini waje wao, na kinywaji chao mkononi, kama mila inavyotaka. Nikikurudisha mwenyewe watanila nyama."

Mpango huo ulipewa jina la Kujiuzulu kwa Muda kwa Masilahi Mapana ya Taifa, na Mheshimiwa akahamia nyumbani kwao Nkwantaduru kuusimamia utekelezaji. Iliundwa Kamati ya Kupokea Huzuni ya Wananchi. Mwenyekiti alikuwa yeye. Mjumbe alikuwa mjomba wake, Mzee Agyekum, mkuu wa ukoo, ambaye alikubali kwa sharti kwamba vikao visigongane na usingizi wake wa mchana.

Mwitikio wa umma, hata hivyo, ulianza kwa kutatanisha kidogo. Mheshimiwa aliufuatilia kupitia kipindi cha simu cha redio ya mji.

"Halo, studio. Nasikia Amponsem amejiuzulu."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Masikini. Alikuwa anaumwa nini?"

"Hakufa, mzee. Ameacha uwaziri."

"Kaacha mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hakuna askari mlangoni?"

"Hakuna."

"Acha utani, bwana mdogo. Waziri aache gari lile huku anapumua? Waambie familia waseme ukweli, wasitufiche maiti."

Aliyefuata kupiga alikuwa mama mmoja aliyetaka tu kujua kitambaa cha msiba kitakuwa cha rangi gani, ili amuwahi mshonaji. Mheshimiwa alizipokea simu hizo kama dalili za mapenzi. Mtu asiyependwa haulizwi alikuwa anaumwa nini.

Wizara nayo ilimletea vitu vyake vya ofisini: picha yake kubwa ya ukutani, bendera ndogo ya gari, na kiti chake cha ngozi chenye magurudumu. Aliagiza viachwe barazani vikiwa vimefunikwa, kwa kuwa vitarudi vilikotoka muda si mrefu. Akaketi kusubiri. Siku zikapita, hakuna aliyekuja kumsihi arudi. Kila gari lililokata kona alilisimamia dirishani, akiwa ameshafunga vifungo vyote vya shati. Ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kuogopa. Bila uwaziri hakujua watu wangemwita nani, wala yeye mwenyewe aamke saa ngapi.

Basi walipotokea Jumamosi asubuhi, barabara nzima, mwili ulimsisimka. Walikuwa wamevaa nyekundu na nyeusi. Kila mmoja alikuwa na barakoa. Nyuma yao yalikuja malori yenye mahema, viti vya plastiki, spika kubwa na ngoma za kila ukubwa.

"Kwadwo," alisema Mzee Agyekum akikaza macho, "hao hawajavaa nguo za kuombea mtu. Hizo ni nguo za msiba."

"Mjomba, wana huzuni ya kunipoteza. Huzuni ni huzuni."

Mbele yao alitembea Maame Dufie, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika soko zima, anayeuza samaki wa moshi karibu na stendi. Mikononi alishika chupa za pombe ya jini. Mheshimiwa alipoziona chupa, machozi yalimlengalenga.

Sasa, kwa mila za kwao, mgeni hukaribishwa kiti, akapewa maji, kisha mkubwa wa nyumba akamuuliza kwa utaratibu ni shauri gani lililomleta. Mgeni akishaeleza, wenyeji hushauriana. Wakiridhika, ndipo hupokea kinywaji. Hata mlevi wa Nkwantaduru anaujua mpangilio huo, na ndiyo maana walevi wa Nkwantaduru hulewa kwa kuchelewa. Lakini Mheshimiwa alikuwa amesubiri mno. Alishuka ngazi mbiombio na kuzichukua chupa kwa mikono yake yote miwili.

"Tumezipokea! Tumezipokea kwa moyo mmoja! Mjomba, fungua."

"Ngoja kwanza, mwanangu. Tuwaulize kilichowaleta."

"Kinajulikana, Mjomba! Unataka kuwaaibisha watu kwa maswali? Mimina!"

Mzee Agyekum aliguna, lakini mjumbe hamshindi mwenyekiti. Akafungua, akamimina chini, akawaita wazee waliotangulia kwa majina, na glasi zikazunguka. Mheshimiwa alikunywa ya kwake mpaka tone la mwisho. Kinywaji kikishapita kooni, shauri lililokuja nacho limekubaliwa, na hakuna mahakama nchini iliyowahi kulitengua.

"Haya sasa, Maame," alisema akifuta midomo. "Nisihini."

Maame Dufie alimgeukia mkuu wa ukoo, kama inavyostahili, akamwita kwa jina la heshima la wazee.

"Nana, sisi tumekuja kwa amani. Tumekuja kumzika waziri."

"Waziri gani?" aliuliza Mzee Agyekum.

"Wa Mikusanyiko na Umbali. Tumetangaziwa redioni kwamba hatunaye tena, na wimbo wa taifa ukapigwa. Tukasema huyu asiende kimyakimya kama walivyokwenda wetu."

Mheshimiwa alicheka, kisha akaona amecheka peke yake.

"Lakini mimi ni mzima! Si mnaniona?"

"Wewe ni mzima, nani anabisha? Hata umenenepa. Sisi tunazika uwaziri wako."

"Uwaziri wangu unarudi!"

"Marehemu wote familia zao husema hivyo siku za mwanzo," alisema Maame Dufie kwa upole. "Utazoea."

"Kwadwo," alinong'ona Mzee Agyekum, "kinywaji umekipokea. Umekipokea mbele ya watu, na mimi nimewaita wazee kwa majina. Unataka niwaambie warudi walikotoka?"

Mheshimiwa alimgeukia Maame Dufie kwa hasira. "Mimi nimewakosea nini nyinyi?"

Mwanamke yule hakupandisha sauti.

"Mama yangu aliimba kwaya maisha yake yote. Nilimzika na watu ishirini na tano, na katika hao nimehesabu wachimba kaburi na polisi. Hakuimbiwa hata wimbo mmoja. Nilipoanza kulia, askari akaniambia nilie nikiwa mbali. Nikatii, Mheshimiwa. Nikasema ni ugonjwa, ni sheria, ni kwa wote. Halafu nikakuona kwenye simu ya jirani unacheza ngoma kwa mkweo. Machozi yale bado ninayo. Nimekuja nayo, na hawa wote wamekuja na ya kwao."

Mheshimiwa aliita polisi.

Inspekta Tawiah alifika upesi, kwani alikuwa mstari wa tatu, amevaa nyeusi. Alichomoa mfukoni kijitabu cha kanuni, kile chenye picha ya Mheshimiwa kwenye jalada.

"Watawanye," aliamuru Mheshimiwa. "Ni zaidi ya ishirini na tano!"

"Ishirini na tano ni pale penye maiti, Mheshimiwa. Maiti iko wapi?"

"Hakuna maiti!"

"Basi haya si mazishi."

"Si mazishi, ni mkusanyiko!"

"Mikusanyiko iliyokatazwa imetajwa mmoja mmoja." Inspekta alitaka kulowesha kidole, akakumbuka barakoa, akakishusha. "Harusi. Kumpa mtoto jina. Mpira. Ibada. Mkutano wa siasa. Wa kumuaga mtu aliyejiuzulu haumo."

Haukuwemo. Mheshimiwa alijua haumo, na alijua kwa nini. Kanuni zile zilitungwa kwa umakini wa hali ya juu, zikazingatia kila jambo ambalo akili ya waziri iliweza kulifikiria, na hilo halikuwa mojawapo.

"Mimi nilikuwa getini siku anazikwa kaka yangu," aliongeza Inspekta, akikunja kijitabu. "Niliwazuia shangazi zangu mwenyewe. Samahani, ngoma zinakaa upande gani?"

Shughuli ilipangwa kwa kuzingatia kanuni zote. Viti viliwekwa umbali wa mita mbili kila upande, na kwa sababu hiyo msiba ulijaza uwanja, ukavuka barabara, ukapita shule, na waombolezaji wa mwisho wakakaa karibu na mji wa pili. Hakuna aliyeshikana mkono na mwenzake. Waliinamishiana vichwa kuanzia kulia hadi kushoto, jambo lililochukua asubuhi yote. Vipaza sauti vilifungwa juu ya miti. Picha kubwa ya Mheshimiwa ilibandikwa langoni, na chini yake wameandika, kama kwenye matangazo ya vifo, MSHTUKO GANI HUU!

Kiti cha ngozi kilitolewa barazani. Wanawake wakakiosha, wakakipaka mafuta, wakakilaza, kama wanavyolazwa wafu wao, juu ya kitanda cha shaba chenye shuka za lesi, wakakivisha mikufu ya dhahabu mikononi na kuanza kukipepea. Kilipendeza. Mheshimiwa, aliyekuwa ameketishwa mahali pa wafiwa, alilazimika kukiri moyoni kwamba alipokuwa akikikalia hakikuwahi kuonekana na heshima kiasi kile.

Kisha watu wakaanza kupita mmoja mmoja kukiaga na kukituma ujumbe kwa wafu wao, kama anavyotumwa kila anayekwenda huko.

"Ukifika, msalimie Kofi Nsiah. Mwambie nilikuwa nje ya ukuta wa makaburini, sikuruhusiwa kuingia, lakini nilikuwepo."

"Mwambie bibi yangu kilemba alichokitaka nilichelewa kukileta. Nimekivaa leo."

Akafika Maame Dufie. Nyuma yake kwaya nzima ya mama yake ilikuwa imejipanga, kila mmoja mita mbili kutoka kwa mwenziwe, na walipoanza kuimba ilibidi waimbe kwa nguvu sana ili wasikilizane. Mwanamke yule alilia kwa kelele, kwa mwili mzima, kama alivyostahili kulia siku ile. Inspekta Tawiah alilia pia. Mheshimiwa alijikuta anatafuta leso, na hakuwa na hakika ni kwa ajili ya kiti.

Ndipo simu yake ikaita. Alikuwa Rais.

"Kwadwo! Nasikia makelele. Ni watu?"

"Ni watu, Mheshimiwa Rais, lakini—"

"Wengi?"

"Wamefika mji wa pili, lakini—"

"Wamekuja na kinywaji?"

"Wamekuja nacho."

"Ukakipokea?"

"Nilikipokea, Mheshimiwa Rais, ila shida ni kwamba—"

"Basi shida gani tena? Sijawahi kuwa na waziri anayeliliwa hivyo. Nasikia wanavyolia! Nipeleke kwenye kipaza sauti niwasalimie."

Kabla Mheshimiwa hajaamua afanye nini, mshereheshaji aliyekuwa karibu alikwishaichukua simu na kuiweka mbele ya kipaza sauti. Kwaya ikanyamaza. Sauti ya Rais ikatoka juu ya miti yote, kutoka uwanjani mpaka mji wa pili.

"Ndugu zangu wa Nkwantaduru! Nimesikia kilio chenu. Mimi ni mtumishi wenu!"

Watu walitazamana. Kisha wote wakamtazama Maame Dufie. Alifuta uso kwa ncha ya kitambaa, akakohoa kidogo, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Mheshimiwa Rais, tunashukuru. Kuna chupa moja tulikuwa tumeiweka akiba. Hapa tumeona ni heri ije kwako."

"Chupa?" Rais alicheka kwa furaha ya mtu anayependwa. "Mama, mimi na mila hatukosani. Nimeipokea! Ifungueni hukohuko, mzee wa hapo aimimine na kunywa kwa niaba yangu!"

Mzee Agyekum aliitazama simu, akamtazama mpwa wake, akaanza kuzungusha kizibo polepole, kwa mwendo wa mtu anayempa mwenzake nafasi ya kusema neno.

Mheshimiwa alikuwa mtu pekee pale ambaye angeweza kumwambia Rais aulize kwanza kilichoileta chupa. Rais angemshukuru, na fadhila kama hiyo hulipwa kwa wizara. Alifungua mdomo. Kisha akakumbuka kwamba amekwishazikwa, na kwamba marehemu mwenye adabu haingilii mazungumzo ya walio hai.