Ng'ombe Hakukiona Kisu

Jumamosi, tarehe 31 mwezi wa tano

Nimepata! Mi Tajudini, fundi wa viti vya gari, miaka sitini na tisa, magoti mawili mabovu, kichwa kimoja kizima. Nimepata.

Jana nilikuwa Kinindo, kwa matajiri, kushona kiti cha gari la mama mmoja wa shirika. Nikaomba maji. Jikoni kwake, ukutani, nikaona kisu cha nyama kimevaa nguo. Nguo ya ngozi, imeshonwa pembeni, imekaa mwilini kama suti ya bwana harusi. Nikauliza. Akasema ni ala, yeye haachi kisu wazi. Maji nilisahau kunywa.

Huku kwetu Buyenzi visu vyote viko uchi. Vinalala kwenye ndoo, kwenye masinia, chini ya vitanda. Aibu. Na fundi wa kuvivisha yuko hapa, amekaa, anakula karanga.

Kinachokosekana ni ngozi. Ngozi nzima, ya ng'ombe mzima. Na Ijumaa ni Idi ya kuchinja! Kwenye avenue yetu nyumba saba huchanga ng'ombe mmoja. (Sisi si kati ya hizo saba. Sisi hualikwa.) Ngozi yake haiuzwi, wala mchinjaji halipwi nayo. Hutolewa kado, zawadi tu. Anayeamua apewe nani ni mama Assia, binamu ya mke wangu, mwanamke ambaye hata mvua ikitaka kunyesha kwetu inapita kwake kwanza. Miaka mitatu mfululizo amempa Moubarak.

Moubarak ni fundi viatu. Kibanda chake kinatazamana na changu, hapa mbele ya nyumba. Ana redio, ana kibao kipya, ana meno yote. Sisemi zaidi, karatasi hii bado ni safi.

Mwaka huu ngozi ni yangu. Kila nyumba kati ya zile saba nitaishonea ala, kado ya Idi. Nani atamnyima ngozi mtu aliyekivisha kisu chake?

Jumapili, tarehe 1 mwezi wa sita

Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, kwa miguu. Rafiki yangu Sylvère ni mlinzi wa depo moja ya ngozi huko. Zamani tulicheza mpira pamoja, kabla tumbo halijamtangulia. Alinitolea vipande vya ngozi mbichi, vikavu kama bati, ambavyo bosi wake alisema vitupwe.

Akaniambia hivi huchukuliwa na watu wa ngoma. Ukivilowesha vinakuwa laini kama chapati, vikikauka vinajivuta mpaka vinalia. Nikamjibu kwamba mi nilishona ngozi kabla yeye hajajua kufunga kifungo. Kweli ngozi ya viti vya gari ni plastiki. Hakuuliza.

Nilirudi na mzigo begani. Mbwa watatu walinisindikiza mpaka sokoni. Dalili njema: hata wao wanajua kitu kizuri.

Jumatatu, tarehe 2

Nilianza na kisu cha nyumbani, cha mke wangu Mwanvua. Ngozi ililala majini ndani ya beseni lake la kufulia. Amenuna. Asubuhi nikaifunga ingali imelowa juu ya kisu chenyewe, nikaishona kwa sindano ya magunia na uzi wa nailoni, nikivuta kwa meno. Imekaa! Huwezi kuingiza hata ukucha. Nikaitundika juu ya mbabula, jiko letu la makaa, ikauke.

Mwanvua aliuliza leo atakatia nini vitunguu. Nikamwambia kazi ya ngozi inataka siku mbili. Akauliza tena habari ya vitunguu. Mtu wa kuona mbali hana wa kuzungumza naye nyumba hii.

Mchana kwa mama Assia. Alikataa. Alisema visu vyake vimekaa uchi miaka arobaini na hakuna hata kimoja kilichopata mafua. Hapo nikatoa silaha. Nikamkumbusha tulivyofundishwa: mnyama asioneshwe kisu. Je, kisu kikienda kwa ng'ombe kikiwa ndani ya ala? Ng'ombe ataona nini? Ataona ngozi. Atadhani ni jamaa yake.

Assia akanisogezea kigoda. Sijawahi kumwona hivyo. Kisha akasema:

"Shemeji, leo umesema kitu."

Akanipa kisu chake, akatuma neno kwa zile nyumba sita nyingine. Kabla ya alasiri nilikuwa na visu saba mezani. Nilivipanga vitazame kibanda cha Moubarak.

Jumanne, tarehe 3

Nimelowesha ngozi yote iliyobaki. Mwanvua anafulia ndani ya sufuria.

Leo nimemwendea Radjabu. Huyu ndiye mchinjaji wetu, mtu wa maneno matatu kwa siku. Kisu chake ni kirefu kama mkono wangu mpaka kiwiko, na hata mke wake hakigusi. Aliniambia miaka thelathini amekificha ndani ya kanzu na imetosha. Nikamwuliza mwaka jana ng'ombe alimpiga teke wapi. Watu waliokuwa karibu walikumbuka wapi. Akanipa kisu.

Kwa Radjabu nimeweka mshono mara mbili. Kazi ya heshima.

Moubarak alivuka barabara. Alishika ngozi, akainusa, akauliza kama ni mbichi. Nikasema ni freshi. Akauliza kama nimeweka ubao mwembamba kati ya ngozi na kisu, na kama nimeacha nafasi kidogo. Nikamwambia mambo ya kuacha nafasi ni ya viatu vyake, ndiyo maana wateja wake hutembea kama bata. Nikajitolea kukivisha hata kile kisu chake cha kukatia soli, bure, maana mi si mtu wa chuki. Alikataa. Akarudi kwake, akaongeza sauti ya redio.

Wivu ule!

Jumatano, tarehe 4

Jambo dogo.

Mwanvua alitaka kisu chake. Akavuta. Hakitoki. Nikamwambia kuvuta ni ufundi, alete hapa. Nikavuta. Nikaweka mguu ukutani nikavuta. Mwishowe yeye akashika mpini, mi nikashika ala, tukavutana uwanjani kama watu wanaogombea urithi. Mpini ulilia. Kisu hakikutoka.

Ngozi imekuwa kama ubao. Ukiigonga inatoa sauti. Sauti nzuri kweli, ya ngoma.

Nimechunguza na sababu nimeiona: mbabula. Moshi umeikaza. Nani anatundika ala juu ya mbabula? (Ni mi. Lakini nyumba hii misumari yote iko jikoni, na jikoni ni kwa nani?) Vile vya watu vitakauka juani. Jua halina moshi.

Nilifikiri kwenda kumweleza Assia. Kisha nikafikiri ngozi ya ng'ombe mzima. Nikaacha kufikiri.

Tumekula kabichi iliyochanwa kwa mikono. Vitunguu Mwanvua alivikata kwa kifuniko cha kopo la nyanya. Alisema yeye hatamwambia mtu yeyote chochote. Anachotaka kujua ni kimoja tu, Ijumaa mi nitasimama wapi, ili aweke kiti chake mbele yangu.

Alhamisi, tarehe 5

Nimegawa ala zote, nyumba saba na Radjabu. Zilikuwa bado na unyevu kidogo. Nimewaambia wazitundike juani mchana kutwa, na kesho asubuhi pia wakati watu wako kwenye swala, na wasivute kabla ya saa yenyewe, wasiharibu umbo. Wote wamenisifu. Mama mmoja alisema kisu chake kimependeza kuliko mume wake. Mume wake alikuwepo.

Nikamwuliza Assia, kwa upole, mwaka huu ngozi inaelekea wapi. Akasema tutaona. Kwa Assia hiyo ni karibu ndiyo.

Jua la leo lilikuwa kali ajabu. Hata Mungu yuko upande wangu.

Ijumaa, tarehe 6. Idi

Swala imeswaliwa vizuri. Kanzu yangu imepigwa pasi. Ng'ombe amelazwa, ameelekezwa kibla, miguu imefungwa, wanaume wanne wamemshika. Nyumba saba zimesimama na masinia. Mwanvua amekuja na kiti.

Radjabu akaingia na kisu chake kiunoni, ndani ya ala yangu. Watu wakanitazama. Niliinua kidevu.

Radjabu akavuta.

Akavuta tena. Akageuka, akawapa watu mgongo kwa adabu, akavuta kwa magoti. Shingo yake ilivimba. Ng'ombe akainua kichwa kumtazama. Nadhani hata yeye alianza kuwa na hamu ya kujua.

Mi niliahidi kwamba ng'ombe hatakiona kisu. Hakukiona. Shida ni kwamba hata sisi hatukukiona.

Assia akaita kisu kingine. Nyumba saba zikatoa visu saba, ndani ya ala saba. Avenue nzima ikawa inavuta. Wengine wawili wawili, wengine wamekaa chini wakikanyagana. Ala moja ilirushwa ukutani ikalia kama inaita watu kwenye sherehe. Wale wanne waliomshika ng'ombe walianza kulalamika kwamba mikono inakufa ganzi.

Ndipo akatoka nani? Moubarak. Na kile kisu chake cha soli, kiko uchi, hakina haya. Akashika ala ya Radjabu akaichana toka juu mpaka chini, mishono yangu yote miwili, kama anafungua barua. Kisu kikatoka na kutu nyekundu pande zote. Ikabidi kinolewe upya. Na ng'ombe asione, Assia akavua kitenge chake cha begani akamfunika macho.

Kitenge! Kumbe kitenge kilitosha.

Radjabu alinoa bila kuniangalia. Alipomaliza akasema maneno yake ya leo, ya kesho na ya wiki ijayo:

"Muzee Taju, mi nilikupa kisu. We umenirudishia fimbo."

Ng'ombe alichinjwa salama. Kisha Assia akasimama katikati ya watu, damu ikiwa bado haijamwagiwa maji, akakata shauri.

"Ngozi ni ya Moubarak. Ye angalau kitu yake inafunguka."

Mwanvua alicheka mpaka kiti kikamtupa. Sijamwona na furaha kama hii tangu tuoane, na siku ile alikuwa akicheka kofia yangu.

Jumamosi, tarehe 7

Nilibaki ndani. Nyama ilikuja hata hivyo. Assia ni mkali, lakini hanyimi mtu sinia.

Halafu akaja Moubarak mwenyewe. Jana alizunguka nyumba zote saba akichana ala zangu, akasema zimemchosha mkono, sindano yangu inakwenda sawa, kilichopinda ni akili. Alitaka kuchana na ya kwetu. Mwanvua akakataa. Ameitundika sebuleni, karibu na kalenda, kisu kikiwa ndani. Anasema katika miaka yote ya ndoa yetu ni kitu cha kwanza nilichoshona ambacho hakijaachia.

Moubarak alikuwa ameleta kifurushi cha gazeti. Ndani, kipande cha ngozi ya tumbo, nyembamba, amekwisha kuikwangua manyoya. Kado, akasema. Tumezeeka wote, akasema, hatuwezi kununiana kila Idi. Nikampa kiti changu mwenyewe. Mafua labda.

Akaeleza mambo marefu kuhusu kuacha nafasi, kupaka mafuta, kusubiri wiki nzima. Sikuyashika yote. Redio yake ilikuwa juu.

Jumapili, tarehe 8

Kosa nimeliona! Nimeamka nalo.

Si ngozi, si jua. Ni kisu. Kisu hakina mdomo. Ala ikikibana, kitamwambia nani? Ningetakiwa kushona juu ya kitu kinachosema.

Mguu unasema.

Radjabu ameninunia, na bila Radjabu mwaka ujao hakuna atakayenitetea kwa Assia. Basi namshonea viatu. Mguu wake na wangu ni namba ile ile, arobaini na mbili. Nimelowesha kado ya Moubarak (beseni la Mwanvua, sikuuliza), nimejishonea miguuni mwenyewe, mshono mara mbili, nailoni, nikivuta kwa meno mpaka pale meno yanapofika, kisha kwa koleo. Nimekaa uwanjani, miguu juani. Vitakauka na umbo la binadamu. Daftari liko mapajani.

Saa tatu. Baridi, tamu. Kama kutembea mtoni.

Saa tano. Vinashika.

Saa saba. Vinashika vizuri. Radjabu atalia kwa furaha.

Saa nane. Mguu wa kushoto umeanza kusema.

Saa tisa. Wa kulia unamjibu. Nimegonga kiatu kwa koleo, kimelia. Nimejaribu kukata uzi kwa koleo, uzi umezama ndani ya ngozi, hauonekani. Mshono safi sana. Moubarak amezima redio. Amesimama mlangoni kwake, mikono nyuma, anatazama tu.

Saa kumi. Vidole sivisikii. Nimemwita Mwanvua alete kisu, haraka, aache alichoshika.

Ameuliza toka jikoni, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima:

"Kisu gani, baba Zuhura?"

Anacheka. Acheke. Ngozi inayoshika hivi mguuni, hebu fikiria kofia.