Mdudu wa Shingoni na Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 7 Oktoba 2002

Ushindi! Nusu ushindi. Leo tumeonyesha kaseti ya tatu ya "Mdudu wa Shingoni" ukumbini kwa Mzee Massoudi, hapa Cibitoke, na watu wamejaa mpaka mlangoni. Mimi ndiye mtafsiri. Nasimama kando ya televisheni na fimbo yangu, wazungu wa angani wanasema Kiingereza chao, nami nawageuzia watu kwa Kiswahili. Kiingereza nilikipata Kampala. Wiki tatu. Mbili kati ya hizo nilikuwa na malaria, lakini lugha huingia hata kwa mtu aliyelala.

Hadithi yenyewe: mdudu kutoka nyota nyingine anamwingia mtu sikioni, anajikunja shingoni, na kuanzia hapo mtu anasema na kutembea kwa amri ya mdudu. Kapteni wa chombo chao cha angani ameshaingiliwa. Wenzake hawajui. Sisi tunajua, tunampigia kelele mpishi ajihadhari. Mpishi hasikii.

Shida ni Prodige. Anasoma bayolojia chuoni, na tangu aanze kusoma hawezi kuangalia kitu kwa amani. Leo amenyoosha mkono kama yuko darasani! Akauliza mdudu mkubwa vile alipitaje sikioni. Nikamjibu kwamba anaingia mdogo, anakulia ndani, kama ndugu anayekuja kulala siku mbili. Watu wakacheka. Akauliza mbona damu ya kapteni haimkatai. Nikasema kapteni ni mtu wa heshima, hakatai mgeni. Wakacheka tena. Massoudi hakucheka. Watu walipotoka akaniambia kwamba Prodige naye anajua Kiingereza, na kaseti ya mwisho ikiisha Jumamosi, ataamua fimbo ibaki kwa nani.

Fimbo yangu! Niliichonga mwenyewe.

Jumanne, 8 Oktoba

Mama Sylvère amekuja nyumbani, yule anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Nilidhani amekuja kunisifu. Apana. Amekuja kwa ajili ya mwanawe.

Sylvère alirudi kutoka milimani, kwenye vita, mwezi wa nane. Zamani kijana huyu alikuwa mbishi wa mtaa mzima. Alibisha mpira, alibisha bei ya chumvi, aliwahi kumkatiza padri katikati ya mahubiri. Tangu arudi hajasema neno. Akipewa chakula anakula, halafu anageukia ukuta. Majirani wamemwambia mama kwamba mwanawe alibaki kulekule, kilichorudi ni ngozi tu. Ndipo akaniuliza, macho chini, kama mtu anayemuuliza daktari: yule kapteni, mdudu akishamwingia, mwenyewe bado yumo ndani?

Sijui! Kaseti haijasema. Au imesema, mi sikuelewa. Lakini mama alikuwa ameshika kitenge chake kwa mikono miwili. Nikasema yumo. Nikasema mdudu ni kama wale watu walioingia nyumba za wenzao, wenyewe walipokimbia vita. Ila kapteni hakukimbia. Amefungiwa chumba cha nyuma. Ukimsemesha anasikia kila kitu, ila mlango umekomewa kwa nje.

Akauliza kama atatoka. Nikamwambia atatoka, kaseti ya mwisho. Nikaapa! Nani aliniambia niape? Alivyoondoka alikuwa anatembea haraka, karibu kukimbia. Roho iliniuma. Halafu nikafurahi kidogo, maana Prodige hawezi kutoa mfano kama ule wa nyumba.

Jumatano, 9 Oktoba

Aibu. Jumatatu niliwatangazia watu kwamba mdudu akitoka shingoni anakufa papo hapo, kama mukeke nje ya maji. Leo, kaseti ya nne, mdudu ametoka shingoni, amevuka chumba, amefungua kabati, amekunywa kitu, amerudi shingoni. Ukumbi wote ukanigeukia.

Nikasema yule ni mke wa mdudu.

Prodige akauliza kama basi wanaishi wawili katika shingo moja. Nikamjibu ndoa ni kuvumiliana. Wakacheka, lakini kwa shaka. Mama Sylvère hakucheka kabisa. Alisimama, akauliza: mdudu alipokwenda kabatini, mbona kapteni hakukimbia? Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya Prodige, Mungu anisamehe. Nikasema amekaa gizani mno, hakujua kwamba mlango uko wazi. Mama akaitikia kwa kichwa, akakaa.

Wakati wa kutoka akanieleza kwamba siku hizi kila jioni anakaa na Sylvère pale ukutani na kumsimulia sinema yote, na maneno yangu yote. Jumamosi atamleta, amwone kapteni akitoka. Nikasema vizuri sana.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimekwisha!

Nilijifanya naenda kusafisha mashine kwa Massoudi, nikatazama kaseti ya mwisho peke yangu. Mpishi anafungua mlango wa chombo na kumsukuma kapteni nje, yeye na mdudu wake. Basi. Anarudi kwenye sufuria. Hata kumzika hawamziki! Muziki, majina, mwisho. Hakuna chumba cha nyuma, hakuna kutoka.

Nani aliandika upuuzi huu? Kama mdudu anapenda kwenda kabatini, si wamngoje aende, wafunge kabati kwa ufunguo? Kapteni apone, watu waende zao. Hata dada yangu Rosette, nilipomsimulia, ameliona hilo, naye anachojua zaidi ni mihogo.

Sasa mama atamleta mwanawe, aone mtu aliyefungiwa ndani akitupwa nje kama takataka. Kwa sababu yangu na kiapo changu.

Nimeichukua kaseti. Si wizi, ni kuahirisha. Mpango: kesho naiweka juu ya bati letu, mchana bati linawaka moto. Plastiki ikijikunja, Massoudi atalilaumu jua.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mvua! Niliweka kaseti, nikaenda kunywa chai, mawingu yakaja kutoka Carama kama yaliyotumwa. Rosette akapanda kuokoa mihogo yake aliyoianika kule juu. Akaikuta kaseti. Akaifuta kwa sketi yake, akakimbia nayo mpaka kwa Massoudi, akidhani ameniokoa. Jioni akakaa anangoja nimshukuru. Nikamshukuru.

Mpango wa pili ni umeme. Hapa kwetu hukatika kila siku bila kuombwa. Nimepita kanisani, nimewasha mshumaa, nimeomba ukatike.

Jumamosi, 12 Oktoba

Umeme umewaka siku nzima. Siku nzima! Sikumbuki ni lini ilitokea mara ya mwisho.

Massoudi alianza mapema ili watu wafike nyumbani kabla ya kuvrefe, saa ambayo hakuna ruhusa ya kutoka nje. Mama Sylvère aliingia amemshika mwanawe mkono, mama amevaa kitenge chake cha Pasaka. Watu wakasogea, wakawaachia benchi la mbele. Sylvère akakaa na kuangalia ukuta ulio kando ya televisheni.

Nikatafsiri. Jasho mpaka soksi. Nilirefusha kila neno, kama vile mwisho ungechoka ukarudi nyuma. Haukuchoka. Mpishi akamkamata kapteni. Mlango ukafunguka. Mama akaweka mkono juu ya goti la mwanawe. Kapteni akarushwa nje, akaenda akizungukazunguka gizani.

Nikapaza sauti: huyo si kapteni! Ni pacha wake! Kapteni amepona, yuko jikoni, anakula!

Makelele! Maana jikoni alionekana mpishi peke yake. Prodige akasimama. Nikajua fimbo imekwenda. Akaniangalia mimi, akamwangalia mama, akakohoa. Halafu akatangaza, kwa sauti yake ya chuoni, kwamba kuna viumbe vinavyojigawa viwili, jambo linajulikana, na tafsiri ni sahihi. Prodige huyu! Nusura fimbo inidondoke.

Ndipo sauti ikatoka benchi la mbele. Ndogo, inakwaruza. Ikauliza huyo pacha ametoka wapi, mbona kaseti zote zilizopita hakutajwa.

Alikuwa Sylvère.

Alikuwa ameuacha ukuta, amenielekezea kidole. Akaendelea: kama kapteni yuko jikoni, mbona hatumwoni? Kama mdudu hutoka mwenyewe kwenda kabatini, mjinga gani alishindwa kufunga kabati? Na huyo mke wa mdudu sasa yuko wapi, amekuwa mjane? Akasema tangu azaliwe hajasikia mtafsiri mwongo kama mimi.

Kumbe alisikia yote. Kila jioni, pale ukutani, alisikia yote.

Mama alijifunika uso kwa kitenge, analia, anacheka, anamwambia mwanawe abishe, abishe tu, aendelee. Watu wakapiga makofi. Hata mi nililia, nasema wazi. Kidogo. Halafu nikakumbuka kwamba nimeitwa mwongo mbele ya ukumbi mzima.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa Mama Sylvère ameniletea ndagala, kapu zima. Anasema Sylvère amelalamika leo kwamba bugali ni laini mno. Alinisimulia huku anafuta machozi, kama anayesimulia harusi.

Fimbo imebaki kwangu. Massoudi anamtaka Sylvère kila siku benchi la mbele anibishie, eti watu watajaa zaidi. Prodige nimemsamehe yote isipokuwa lile swali la damu.

Nimefikiri sana na nimeona jambo moja: tafsiri yangu inaponya. Ni wazi. Kule Carama kuna mzee Astère, hajasemeshana na mkewe tangu Pasaka. Nimemtumia habari aje.

Kesho tunaanza kaseti mpya, ya karate. Ni ya Kichina. China sijafika, lakini aliwahi kuning'oa jino daktari Mchina, na alisema mengi. Mama Sylvère ameniuliza kama yule mzee mwenye ndevu kwenye picha ya jalada, anayefundisha karate, atakuwa mzima mpaka mwisho.

Sijaiona kaseti. Nimemwapia.