Njama za Kumwokoa Mzee Radi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Wanataka kumuua Mzee Radi! Mchawi wangu! Mimi ndiye niliyemzaa kwa kalamu hii, nikamvika joho la nyota, nikampa fimbo ya kuita umeme. Leo mwongozaji wa tamthilia anasimama mbele yetu, anajikuna shingo, anasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai kwamba huenda mzee akafa sehemu ya mwisho.

Sababu? Eti uchawi umezidi. Eti katika tamthilia yetu ya Taji la Ukungu mawaziri wanapikiana majungu, malkia anazungukwa, watazamaji roho juu, halafu anatokea Mzee Radi, anapunga fimbo, mambo shwari. Kama kila kitu kinamalizwa na fimbo, amesema, hizo njama za nini? Basi ama nipunguze uchawi ulingane na siasa, ama mzee azikwe. Nimepewa mpaka Ijumaa.

Nimesema sawa. Moyoni nimesema thubutu!

Anayenichimba ni Bibi Baraza. Ndivyo ninavyomwita mwandishi mwenzangu, kwa sababu kazi yake ni vikao vya baraza la mawaziri: nani kamsaliti nani, nani kapeleka maneno kwa nani. Mama mpole, miwani juu ya paji, kikombe cha chai hakimtoki mkononi. Leo ameniambia pole. Msiba haujatokea, yeye keshatoa pole! Huyo si ndiye mwenye jembe la kaburi?

Na Mzee Radi akifa, mimi ni mwandishi wa nini? Siasa siiwezi, wala haimo katika damu yangu. Nitarudi kuandika matangazo ya sabuni. Nimeandika povu miaka na miaka. Sirudi ng'o.

Nimekata shauri. Wao wana njama, nami nina zangu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mpango wa kwanza: mama mkwe.

Tunakaa naye nyumbani, na tamthilia hakosi hata sehemu moja. Asubuhi nimemwomba kwa adabu zote, macho chini kama mkwe mwema, aje studioni amwambie mwongozaji jinsi watazamaji wanavyompenda Mzee Radi. Amekubali hapo hapo, akaenda kubadilisha kilemba. Mke wangu akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia mambo ya kazini aniachie mwenyewe.

Mama mkwe amefika, amesalimia, amepewa kiti na soda. Mwongozaji akamuuliza anachopenda. Akasema anampenda yule waziri mwenye jicho la husuda, hata usingizi hapati kwa ajili yake. Na Mzee Radi je? Nikakohoa kidogo kumkumbusha. Akasema, mwanangu, Mzee Radi ananisaidia sana.

Nikatabasamu hadi masikioni.

Akaendelea. Akitokea tu Mzee Radi, yeye huinuka kwenda jikoni kugeuza maharage, maana anajua hapo hakuna tena litakaloharibika. Tangu tamthilia ianze hajaunguza sufuria hata mara moja.

Mwongozaji alicheka hadi akashika meza. Bibi Baraza akamsindikiza mama mkwe mpaka getini, wameshikana mikono kama mtu na dada yake. Fitina hiyo! Jioni nimenuna. Mama mkwe akanipakulia maharage, akaniuliza kama amesema vizuri. Nimemjibu shikamoo. Sijui kwa nini. Maharage hayakuungua.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Leo ndiyo leo. Nimejizidi mwenyewe kwa akili.

Ukutani kwetu kuna ubao, na kila onyesho lina kadi yake. Kadi ya zambarau ni uchawi, ya kahawia ni siasa. Sasa, mwongozaji hasomi kadi. Anasimama mlangoni, anafinya macho, anatazama rangi ipi imeimeza nyingine. Asubuhi amefinya, akasema zambarau imezidi na jioni atarudi kung'oa tatu kwa mkono wake.

Basi wenzangu walipoenda chai, nikanakili maonyesho yangu matatu kwenye kadi za kahawia. Kisha vikao vitatu vya Bibi Baraza nikavinakili kwenye za zambarau, nikavibandika usawa wa mkono wa mwongozaji, maana mgongo unamsumbua na kuinama hawezi. Atang'oa zilizo karibu. Ataondoka na vikao vya Bibi mwenyewe! Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jioni amerudi. Kasimama mlangoni. Kafinya. Akasema ajabu, mbona sasa rangi zimekaa vizuri, labda asubuhi ni macho yake. Hakung'oa hata moja! Akanipiga piga begani, akawaambia mafundi waupige ubao picha kwa simu zao, kesho warekodi vile vile ulivyo.

Si ushindi wenyewe niliopanga, lakini ni ushindi. Maneno kwenye kadi ni yale yale, kilichobadilika ni rangi tu. Nani anajali rangi?

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Fundi wa moshi anajali rangi.

Nilikuwa sijui. Maneno yeye hasomi, hana muda nayo. Akiona zambarau anawasha mtambo wa moshi na feni. Akiona kahawia anakaa chini anakunywa chai. Amefanya kazi hivyo tangu siku ya kwanza na hajawahi kukosea.

Asubuhi ilikuwa zamu ya kikao cha kodi ya chumvi. Waziri Mkuu alipofungua mdomo tu kutaja kodi, moshi ukafumuka chini ya meza. Feni ikawaka. Wigi la Waziri Mkuu likaruka, likatua mapajani mwa malkia. Na kwa vile waigizaji wetu ni wazoefu, hawakusimama! Wakaendelea kubishania chumvi huku wanakohoa na kupapasana. Malkia akawa analipapasa wigi kama paka.

Mchana, Mzee Radi juu ya mlima wetu wa mbao na gundi. Kainua fimbo, kanguruma dhoruba ije. Kimya. Hata kaupepo hakuna. Kainua tena. Kaitazama fimbo. Kaitikisa karibu na sikio. Kule pembeni fundi wa moshi anapuliza chai yake, kadi ni ya kahawia. Mwishowe mzee akashuka polepole, mkono kiunoni, kizee cha watu chenye kijiti.

Mwongozaji akapiga kelele nani kagusa rangi. Nikafyata mkia, nikaingia stoo ya mavazi, nikajificha nyuma ya majoho.

Bibi Baraza akanifuata na vikombe viwili vya chai. Akakalia sanduku la mataji, akaniuliza taratibu, kulikoni baba? Nikamweleza yote. Yule mama akiuliza kwa sauti ile, na chai ina sukari ya kutosha, mdomo unajifungua wenyewe. Nikamweleza ya mama mkwe, ya kadi, ya mgongo wa mwongozaji, hadi jinsi nilivyopanga kumzidi kete yeye mwenyewe. Kila nikitua anasema enhe. Alicheka hadi miwani ikamdondokea kwenye chai. Nikajua hicho ni kicheko cha mtu aliyeshikwa na hofu.

Nikamweleza na la sabuni pia. Kwamba naogopa. Kwamba mzee akifa sijui kitu kingine cha kufanya duniani, na mke wangu bado sijamwambia. Hapo hakucheka. Alinimiminia nusu ya chai yake.

Halafu unajua alichofanya? Akaenda kumwambia mwongozaji kwamba yale ya rangi yalikuwa majaribio yetu sisi wawili. Sisi wawili! Ana lake jambo.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimevaa suti nyeusi. Msiba ni msiba.

Tumekaa kutazama picha za jana. Wote wamecheka kwenye wigi. Ilipofika mlimani, mwongozaji akavuta pumzi, nikajua hukumu hiyo. Bibi Baraza akaomba pale mzee anapoitikisa fimbo parudiwe. Pakarudiwa. Kwa mara ya kwanza, akasema Bibi Baraza, fimbo imekataa, na yeye anatamani kujua kwa nini.

Nikataka kusema ni kwa sababu ya kadi. Akanikanyaga mguu chini ya meza.

Akaendelea taratibu. Tuseme fimbo ya Mzee Radi haifanyi kazi mbele ya uongo. Tuseme wakati wote ilifanya kazi kwa sababu mfalme, mume wa malkia, alikuwa mkweli. Sasa mfalme kafa, ikulu imejaa waongo watupu, na adui yuko mlangoni. Uchawi upo, lakini kila mwenye siri anauzima. Ili fimbo iwake, lazima mtu mmoja barazani aseme ukweli wote, na akiusema amekwisha.

Mwongozaji alisimama, akakaa, akasimama tena, mgongo wake kausahau kabisa. Akasema sasa siasa na uchawi viko chungu kimoja. Akaamuru kadi zote zibandikwe upya, nyeupe tupu. Mzee Radi yu hai!

Nimelia. Kidogo tu. Nimesema ni moshi wa jana.

Lakini rangi zangu wamezitupa. Na huyo msema ukweli, Bibi Baraza kasema atamwandika mwenyewe, ana waziri mpya kichwani. Mimi nimeachiwa kuandika pale fimbo inapowaka. Onyesho moja! Nakubali kwa sasa.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Nimepeleka onyesho langu. Ngurumo, dhoruba, joka la moto juu ya mnara, mnara wenyewe unapasuka, na kwa mbali bahari inachemka. Kazi ya mtu mzima.

Bibi Baraza kasoma lote, kasifu bahari, kisha akaomba tubakishe kitu kimoja. Mshumaa. Mshumaa mmoja unawaka wenyewe.

Mshumaa! Wivu ni kitu kibaya sana. Nimeuandika huo mshumaa wao kwa hasira, mistari michache, nikaweka na nta inayotiririka mkononi mwa mtu asiyethubutu kuutupa. Wakitaka kidogo, wapate kidogo. Fundi wa moshi kauliza atafanya nini siku hiyo. Nimemwambia anywe chai.

Jumapili, tarehe 31 Machi

Leo sehemu ya mwisho imeonyeshwa. Tumetazama nyumbani, mimi, mke wangu na mama mkwe. Sehemu za Bibi Baraza nilikataa kuzisoma mapema, nina heshima zangu.

Huyo waziri wake mpya ni Waziri wa Mishumaa. Sijapata kuona mjinga wa namna ile. Mzee Radi ndiye huwasha mishumaa ya ikulu, kwa hiyo akiuawa, waziri huyu atarudishwa kufua mashuka kwa sabuni. Basi anapanga njama za kumwokoa, na kila njama inamrudia usoni. Kamleta mama mkwe wake barazani kutoa ushahidi! Waziri gani mwenye akili analeta mama mkwe barazani? Kabadilisha bendera za majeshi, majeshi yakapigana yenyewe kwa yenyewe. Akikosea anajificha kwenye majoho. Na kila siri yake anakwenda kumwaga kwa mpishi wa ikulu, kisa kapewa kikombe cha kitu cha moto! Nimewaambia hawa wanawake wangu kwamba hapo Bibi Baraza kapotea njia kabisa, mtu kama huyo hayupo duniani. Mama mkwe akaniangalia. Akamwangalia binti yake. Wakarudi kutazama.

Mwishoni adui anavunja lango. Mawaziri wanaapa mmoja mmoja mbele ya fimbo, na fimbo imekufa ganzi, maana wote wanaongopa. Ndipo yule mjinga anajitupa chini mbele ya malkia na kueleza yote, mama mkwe, bendera, majoho. Anasema anaogopa, hajui kitu kingine cha kufanya duniani. Kisha ule mshumaa mkononi mwake ukawaka wenyewe. Nta ikatiririka, hakuutupa. Mzee Radi akainua kichwa.

Harufu ya maharage yanayoungua ilijaa nyumba nzima. Mama mkwe hakuinuka. Analia, kashika kilemba, anasema msimwache mwanangu huyo, msimwache. Mke wangu akanishika mkono, akaniambia yule waziri anamkumbusha mtu. Nikafikiri. Nikamwambia labda mjomba wake, upande wa mama. Mama mkwe akakohoa.

Sasa hatari ninaiona mimi peke yangu. Simu inalia tangu sehemu iishe, watu wote wanamsifu Waziri wa Mishumaa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza joho la Mzee Radi limeshonwa na nani. Msimu ujao mjinga huyu atammeza mchawi wangu mzima mzima. Lazima afe, na afe mapema.

Mpango ninao. Safari hii siachi nafasi ya makosa. Mwongozaji ana shangazi yake anayemsikiliza kwa kila jambo. Nitamleta studioni kama mtazamaji wa kawaida, aseme Waziri wa Mishumaa anamchosha. Na majina ya waigizaji mlangoni mwa vyumba vya kubadilishia nguo nitayahamisha kidogo, kidogo tu, nani anajali jina mlangoni?

Ila kazi hii inataka watu wawili. Kesho asubuhi, wakati wa chai, nitamweleza Bibi Baraza mpango mzima, mwanzo mpaka mwisho. Yule mama anajua kutunza siri.