Arobaini na Moja Hajapewa Dawa

Jumatatu, 3 Machi

Utafiti umeanza. Watu wazima sitini wanarudi darasani kujifunza hesabu za sehemu. Nusu yao wanameza kila siku kidonge kinachosemekana kunoa kumbukumbu. Nusu wanameza kidonge kitupu, kinachofanana na kile rangi, umbo na ladha. Makundi yalipangwa kwa kura, na orodha imefungwa ndani ya bahasha kwenye sefu ya Profesa. Hakuna anayejua nani anameza nini. Hata mimi. Kazi safi.

Tatizo: wamekuja hamsini na tisa. Karani aliruka namba arobaini na moja wakati wa kuandikisha. Namba ipo, mtu hayupo. Nilimwahidi Profesa sitini, na akipungua hata mmoja, ukuu wa kitengo utakwenda kwa mwenzangu wa meza ya pili. Namwita Kalamu Nyekundu. Huzungushia makosa yangu duara, kisha huchora tabasamu pembeni.

Kwa hiyo nimembuni mtu. Mwanamke, miaka thelathini na minane, mshonaji, mjane, hana mtoto wala ndugu, anaishi nyuma ya kiwanda cha sabuni. Nani atakuja kumuulizia? Mtihani wake wa kwanza nimeujaza kwa mkono wa kushoto, majibu nimeyachagua kwa kurusha dadu. Mimi ni mtakwimu, sibuni ovyo. Kapata saba kati ya ishirini. Vidonge vyake nimevimwaga kwenye sinki.

Alhamisi, 6 Machi

Kalamu Nyekundu kashinda na karatasi za mtihani. Jioni akasema kwamba katika watu wote sitini, aliyemvutia ni arobaini na moja. Makosa yake yana mpangilio. Kila penye kujumlisha, anajumlisha namba za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Nusu ukiongeza theluthi, kwake ni mbili ya tano. Alisema hilo ni kosa la mtu anayefikiri.

Dadu haifikiri. Nikaichukua karatasi. Mbili ya tano, kweli, kwa mwandiko wangu wa kushoto. Sikumbuki kuiandika. Pembeni kulikuwa na neno lililofutwa. Nikaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Lilisema “samahani”.

Nimechoka tu.

Profesa naye kapendezwa. Anataka kumhoji arobaini na moja kwa ajili ya sura ya kitabu chake, ile inayoeleza jinsi mtu mzima anavyoacha kosa alilolizoea. Nikamwambia mama yule ana haya sana.

Jumatatu, 10 Machi

Mtihani wa pili. Nilikuwa nimejiandaa: mlango nimeufunga, dadu mezani, penseli kwenye mkono wa kushoto. Mwalimu wa hesabu akaleta bahasha ya karatasi. Nikazihesabu. Sitini. Nikazihesabu tena, mara hii kwa makundi ya kumi kumi. Sitini.

Karatasi ya arobaini na moja ilikuwa katikati, mahali pake. Penseli, herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema. Inanuka mafuta ya cherehani. Kapata ishirini kati ya ishirini.

Nikamuuliza mwalimu kama kuna aliyekosekana. Akanishangaa. Ukumbi ulijaa, alisema, na yule mama wa kiti cha dirishani aliomba ufutio mara mbili.

Nimeelewa. Huu ni mtego wa Kalamu Nyekundu. Kagundua, kamtafuta mwanamke wa kumkalisha pale, sasa anangoja nijikwae. Hanijui!

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda ukumbini kabla ya wanafunzi. Viti sitini. Kile cha dirishani nilikigusa. Kilikuwa na joto. Jua lilikuwa upande wa pili wa jengo. Chini yake kulikuwa na kipande cha uzi mweusi. Nimekitia mfukoni kama ushahidi.

Kisha nikapata wazo la kumaliza mchezo. Kama mtu anaweza kuingizwa kwa kalamu, anaweza kutolewa kwa kalamu. Nimemjazia arobaini na moja fomu ya kujitoa kwenye utafiti. Sababu: amehama. Nimeiweka kwenye trei ya Profesa na kwenda kunywa chai, vikombe viwili.

Ijumaa, 14 Machi

Fomu imerudi kwenye kisanduku changu cha barua. Neno “amehama” limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka kama mshono. Chini yake, kwa penseli: “Sijahama.”

Nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya Kalamu Nyekundu. Kiti kitupu. Karani akaniambia yuko msibani kwa wakwe zake tangu Jumanne asubuhi, safari ya siku nzima kutoka hapa.

Nimefika nyumbani, mke wangu hanisemeshi. Chakula kimewekwa, maji yamewekwa, maneno hakuna. Mwishowe akaniuliza yule mwanamke ni nani. Nikauliza mwanamke gani. Yule mshonaji, akasema. Alikuja saa nane, mpole, akakaa kwenye baraza, na alipoona upindo wa kitenge cha mke wangu umefumuka akautia uzi huku akinisubiri. Hata sindano alikuja nayo.

“Alitaka nini?”

“Dawa zake. Anasema wenzake wote wanapewa. Yeye anapanga foleni kama wao, na kila akifika dirisha la dawa, unafunga.”

Ni kweli kwamba chupa nagawa mimi. Ni kweli pia kwamba baada ya chupa ya hamsini na tisa nafunga dirisha. Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Mke wangu akasema kama nina mwanamke wa nje, angalau nisimnyime dawa. Ningejiteteaje? Kwamba mgeni wake hayupo? Nilitazama upindo. Uzi mweusi. Nikala bila kusikia ladha.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepata ufumbuzi. Anataka dawa, apewe. Zake ziko kwenye mabomba ya maji machafu, basi nimejaza chupa ya arobaini na moja kwa peremende nyeupe za duka la kona. Nimeiacha kwenye kiti cha dirishani kabla ya darasa na kujificha stoo ya chaki, nikichungulia. Watu waliingia. Nikawahesabu. Nilipofika hamsini na tisa nikapiga chafya. Nilipoinua kichwa, mlango ulikuwa umeshafungwa.

Baada ya darasa nimeikuta chupa, na peremende zote zimo. Juu yake karatasi imekunjwa mara nne:

“Hii si dawa. Nimekaa siku kumi na nne, na siku nilizokosa dawa ni kumi na nne. Kumi na nne juu ya kumi na nne ni moja kamili. Mwalimu ameniwekea alama ya vema.”

Alama ipo. Nilimwonyesha mwalimu. Akasema ndiyo, ni ya kwake, na mama yule anajifunza haraka kuliko wote.

Jumatano, 19 Machi

Siku mbaya.

Washiriki watatu wamekuwa wakipata kizunguzungu. Jana mmoja wao, fundi mpaka rangi, alianguka kwenye ngazi akavunjika kifundo cha mkono. Kamati ya usalama ikaitwa kwa dharura, watu watano wenye nyuso za kutolala. Bahasha ikafunguliwa. Wote watatu wako kwenye kundi la dawa. Na arobaini na moja pia.

Kalamu Nyekundu, aliyerudi jana, akasoma hesabu. Kwa watu hamsini na tisa, dawa na kidonge kitupu ni sawa kabisa. Ukimwongeza arobaini na moja, aliyeruka kutoka saba hadi ishirini, dawa inashinda kwa kiduchu. Mwenyekiti akafikiri. Kama inasaidia, alisema, wagonjwa watapunguziwa dozi lakini wataendelea. Kisha akanitazama. Matokeo yote yanamtegemea mtu mmoja, kwa hiyo angependa kumwona.

Mpaka rangi alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, mkono umefungwa plasta. Nilikuwa namwona kupitia kioo cha mlango. Nikasimama. Nilitaka ama kukiri ama kwenda chooni. Sikuwa nimeamua.

Mlango ukabishwa hodi, taratibu.

Aliingia, akaomba radhi kwa kuchelewa, akasema kasikia anatafutwa. Mwenyekiti akamuuliza kuhusu dawa.

“Sijameza hata kimoja,” akasema. “Sikupewa.”

“Sasa ishirini kati ya ishirini ulizipataje?”

“Nilikaa nikasikiliza.”

Akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira.

“Baba, nyuma ya kiwanda cha sabuni pananuka. Hukuona pengine pa kuniweka?”

Wakadhani mimi ni mwenye nyumba wake. Katibu akaliandika hilo pia.

Akaaga, akatoka. Karani kwenye korido hakumwona. Mpaka rangi alimwona, akasema ni mzee sana. Profesa anasema ni msichana mrefu. Kalamu Nyekundu alishika kalamu yake bila kuandika kitu, kisha akasema hana hakika. Mimi nilimtazama usoni kwa dakika nzima na sikumbuki pua wala macho. Sikuwa nimeyaandika.

Dawa imesimamishwa leo hii. Wagonjwa wameambiwa waache vidonge, na mpaka rangi kaniombea dua, akidhani nimehusika kuisimamisha. Mimi nimepatikana na kosa la kumnyima mjane dawa. Sikulaumiwa kwa kubuni! Nimelaumiwa kwa kumtesa mtu ambaye hayupo. Ukuu wa kitengo kapewa Kalamu Nyekundu. Mimi napelekwa stoo ya kumbukumbu, chini ya jengo. Nimeandika barua ya kulalamika, kurasa sita.

Ijumaa, 28 Machi

Stoo si mbaya. Kuna meza, taa na kimya. Mke wangu kaanza kunisemesha tena, maneno mafupi.

Leo kaja profesa mstaafu, anataka karatasi za utafiti wake wa zamani wa hesabu za kuzidisha. Watu arobaini, alisema, na Jumatatu anazipeleka kwa mchapishaji. Nimezitafuta kutwa. Ziko thelathini na nane. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, zote zipo.

Nimekaa nikafikiri kwa uaminifu mahali nilipokosea mara ile. Jibu ni wazi. Nilimwacha mwanamke peke yake, na mtu mpweke lazima atoke akatafute watu. Wawili watakaa nyumbani wakizungumza. Kwa hiyo safari hii nimeandika mume na mke. Nimewapa nyumba nzuri yenye upepo. Nimewaandikia na sura pia, pua na macho, ili pasiwe na ubishi. Ya mke ilikuwa rahisi. Ya mume ikanishinda, sina kipaji cha mambo hayo, na saa zilikuwa zinakwenda.

Nimempa yangu.