Bwana Harusi Asiyedaiwa

Baridi ya Njombe haina adabu. Inaingia kwenye koti bila kupiga hodi, inakaa mifupani, halafu inadai chai. Asubuhi moja ya mwezi wa sita ilimsukuma Danford Nyagawa hadi kwenye kibanda cha mama lishe kando ya ghala la parachichi, akaagiza chai ya rangi, maana ya maziwa ilikuwa juu ya uwezo wake. Hapo ndipo fursa ilipomkuta, na Danford hajawahi kukutana na fursa akaipita bila kuisalimia.

Mlangoni mwa ghala alisimama mwanamke wa makamo, kitenge kimefungwa juu ya suruali, akiwapanga vijana wa kubeba kreti. "Hilo limechubuka, weka pembeni. Shamba la juu tunamaliza kuchuma Alhamisi, hatulali." Kisha akaweka simu sikioni, akaongea kwa sauti ya mtu asiyejali nani anasikia: "Mkopo mkubwa upo, shida hawanipi peke yangu. Wanataka mwenza mwenye jina safi. Sasa mume safi nimtoe wapi, niagize Dar?"

Danford aliweka kikombe chini. Palipo na shamba la juu, la chini halikosekani. Mkopo mkubwa. Mwenza. Akajikuta anarekebisha kola ya koti.

Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa yeye mwenyewe. Miaka ya nyuma alikuwa mfanyabiashara wa mbao Makambako. Alichukua mkopo benki, nusu akanunulia mbao, nusu akanunulia heshima: gari, suti, na watu wa kumwita bosi. Heshima haiwekwi dhamana wala haiuziki. Benki ikaipiga mnada nyumba yake ya Mahongole, majirani wakisimama uani wakitafuna karanga. Benki ikamalizana naye hapo. Waliobaki ni wakopeshaji watatu wa mtaani aliowakimbilia wakati maji yamemfika shingoni, na hao ndio waliomwandikisha kwenye kumbukumbu za wadaiwa sugu. Tangu hapo kila alikoomba mkopo, karani alibonyeza kompyuta, akasoma, halafu akamrudishia kitambulisho kwa ncha za vidole. Hata simu ya mkopo alinyimwa. Tusicheke sana. Nyumba ikienda mtu anapanga; jina likienda, hakuna anayepangisha.

Alimsogelea yule mwanamke, ambaye aliitwa Dorika, akamsalimu kwa lugha ya huko.

"Dada, kamwene. Samahani, masikio yangu hayana mlango. Nimesikia unatafuta jina safi."

Dorika alimtazama kuanzia viatu. "Unalo?"

"Langu ukilianika juani, majirani watavaa miwani."

"Miwani hainisaidii. Niachie namba ya kitambulisho chako. Mwisho wa mwezi nitaulizia. Likiwa safi, karibu tuongee mambo ya watu wazima. Likiwa chafu, usinipotezee muda, parachichi zinaiva."

Mwanamume mwingine angekata tamaa. Danford alipanda basi kwenda Makambako, akaingia mwenyewe ofisini kwa Hosea Mwalongo, mkopeshaji mwenye kifua kipana na huruma nyembamba. Hosea alikuwa amemtafuta mwaka mzima. Alipomwona anaingia na kusema hodi, alishtuka mpaka akampa kiti.

"Umekuja kulipa?"

"Nimewaletea mlipaji," alisema Danford. "Nimepata mchumba Njombe. Mashamba juu, mashamba chini. Benki inamsubiri tu apate mume msafi. Wewe na wenzako pelekeni taarifa kwamba nimemaliza deni. Nikisafishika naoa, nikioa tunakopa, nikikopa nawalipa pamoja na riba."

"Na usipooa?"

"Ndiyo maana nataka mniozeshe ninyi wenyewe. Mkae kwenye kamati. Mtu anakimbiaje harusi ambayo wadai wake ndio wanapika pilau?"

Hosea aliwaita wenzake wawili, Elieza na Ema. Walibishana mpaka chakula cha mchana kikapoa. Ema alisema huyu mtu ana ulimi wa kumuuzia chura mwavuli. Lakini mtu akishapoteza fedha, tumaini linamwingia kichwani kuliko pombe ya ulanzi, na jioni walikubali. Hosea akawa mwenyekiti na mshenga, Elieza mweka hazina, Ema akashika chakula na mapambo. Nyanda za juu zote hazijapata kuona kamati yenye ari kama ile. Kamati nyingine hufukuzana na wachangiaji. Hii ilichanga kabla ya kuombwa.

Mpango wa Danford haukuishia walipodhani. Mkopo mkubwa ukitoka, angevuka zake Songea na mzigo mzima, mke abaki na mashamba yake na wadai wabaki na pilau lao. Lakini siku alipoambiwa kwenye dirisha la benki, "Kaka Nyagawa, uko safi kabisa," na karani akatabasamu, alifurahi mno. Alitoka nje akazunguka soko mara mbili bila sababu, akiwasalimia watu asiowajua.

Dorika naye aliulizia, akaridhika. "Jina ni safi kweli. Sasa mahari."

"Si tuanze na mambo ya shamba, mpenzi?"

"Mambo ya shamba baada ya mahari. Baba mdogo yuko Igwachanya, yeye ndiye mwenye neno."

Mahari iliyotajwa ilikuwa ya kumfanya mtu apende useja. Danford hakuwa hata na kwato ya ng'ombe mmoja. Lakini si alikuwa na jina? Akaenda Saccos moja ya Makambako, akapata mkopo wake wa kwanza tangu aanguke, na Hosea akamdhamini kwa lori lake la Fuso. "Ukitaka kumvua kambare," Hosea alijiliwaza huku akitia sahihi, "lazima umwage maji kwanza."

Jumamosi kamati yote ikashuka Igwachanya na mahari kwenye bahasha. Mzee Yonathani, baba mdogo wa Dorika, aliwapokea kwa chai na viazi vya kuchemsha. Alikuwa mtu wa maneno machache, aina inayotisha matapeli.

"Kamweneni," alisema. "Bahasha sina haraka nayo. Nina swali moja. Kijana, unadaiwa?"

Danford aliwatazama Hosea, Elieza na Ema, nao wote watatu walikuwa wanakagua dari.

"Baba, sidaiwi hata senti."

"Mshenga, ni kweli?"

Hosea alimeza kiazi kizima. "Ni kweli, mzee. Simjui anayemdai."

"Na ninyi wengine?"

"Mimi ndiyo kwanza nimeona mtu asiyedaiwa namna hii," alisema Ema, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli.

"Vizuri," alisema mzee. "Nauliza kwa sababu nyumba hii imeshaunguzwa na madeni. Basi tusikilizane mbele ya mashahidi: akionekana ametudanganya, ndoa hakuna, na mahari hairudi. Mmesikia?"

"Tumesikia," waliitikia kwa pamoja, vizuri kuliko kwaya. Bahasha ikapokelewa, akina mama wakapiga vigelegele, na Danford akaanza kuiona barabara ya Songea.

Kanisani kwao ndoa hutangazwa Jumapili tatu, ili mwenye neno aseme mapema. Mbili zilipita salama. Ya tatu, kule Njombe, kamati ilikaa benchi la mbele na sare mpya. Mchungaji akasoma majina, akasema ni mara ya mwisho, mwenye kipingamizi cha haki ajitokeze.

Katikati ya kwaya, upande wa sauti ya pili, Dorika akasimama.

"Mchungaji, ninacho."

"Dada Dorika, wewe ndiye bibi harusi."

"Ndiyo maana kinanihusu. Huyu bwana aliulizwa mbele ya wazee kama anadaiwa, akasema hata senti. Anadaiwa na Saccos, fedha alizokopa juma lile lile. Mdhamini wake ni mshenga, yule pale mwenye tai nyekundu. Na mshenga naye aliulizwa."

Kanisa zima liligeuka kumtazama mwenye tai nyekundu. Mchungaji akamuuliza Danford kama ni kweli. Ule ulimi wa kumuuzia chura mwavuli ulijikunja kama paka jikoni, ukagoma kutoka. Danford akatikisa kichwa kukubali. Mchungaji akafunga kitabu, akatangaza zamu za usafi wa kanisa.

Nje, Hosea alimwahi Dorika kwenye ngazi. "Rudisha mahari."

"Kamwone baba mdogo. Mliitikia 'tumesikia', tena kwa sauti."

"Na shamba?" Danford aliuliza kwa sauti ndogo.

"Shamba gani? Mimi ni msimamizi. Mwenye shamba yuko Dar. Uliniuliza ni la nani?"

Hakuuliza. Dorika akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mzaha ndani yake. "Nyumba yangu ya Igwachanya ilipigwa mnada mwaka juzi. Nilikopa kwa ajili ya mbolea, mvua ikanikataa. Sikumwibia mtu. Jina likachafuka kama la mwizi, hakuna aliyenikopesha hata debe la mbegu. Aliyeinunua nyumba alinipa mpaka mwezi wa nane niikomboe. Wewe ulikula mishahara ya vijana wako wa mbao, mmoja ni mtoto wa dada yangu, ukaenda kunywa chai mbele ya ghala langu. Kwenye ile simu sikuwa naongea na mtu."

Akaondoka zake. Ile bahasha ya mahari ilikuwa imeshaikomboa: jana yake alikuwa amelala kwenye nyumba yake mwenyewe.

Hosea alipiga hesabu kichwani. Madeni ya zamani hayakuwepo tena. Wao wenyewe walishaandika kwamba yamelipwa. Deni lililokuwepo ni moja, na Danford akilikimbia, Fuso inakwenda. Akamshika mkono juu ya kiwiko, kwa upole wa mtu aliyeshika kuku wa mgeni.

"Kesho alfajiri unaanza kupakia mbao," alisema. "Na unalala kwangu."

Danford alipakia mbao. Mikono ilitoka malengelenge, malengelenge yakawa sugu. Kila mwisho wa mwezi Hosea alimsindikiza hadi dirisha la Saccos, akasimama nyuma yake hadi risiti itoke. Mwanzoni alilia kimoyomoyo. Baadaye, na hili hakumwambia mtu, alianza kuingoja ile siku. Siku rejesho la mwisho lilipoingia, meneja wa Saccos mwenyewe alitoka kumpa mkono, akamwambia wateja kama yeye wangekuwa kumi, wangejenga ghorofa.

Alioga, akavaa koti, akaenda Igwachanya peke yake. Dorika alikuwa barazani anachambua mbegu za viazi.

"Dorika," alisema Danford, na safari hii hakuwa na maneno ya ziada. "Nimemaliza. Sidaiwi. Waulize unaowataka."

"Nimeshauliza," alisema Dorika bila kuinua macho. Akachambua mbegu kadhaa zaidi. "Hapo sasa unaweza kuposa. Mahari umekuja nayo?"

"Mahari? Si nilishatoa, bahasha nzima?"

"Ile haikuwa mahari," alisema Dorika. "Ile ilikuwa ada ya kukusafishia jina."

Danford alikaa kwenye ngazi ya baraza, akacheka mpaka Mzee Yonathani akachungulia dirishani. Kisha akatoa simu, akampigia Hosea, akamuuliza kwa adabu kama bado ana moyo wa kudhamini.