Uji wa Mwanaheri

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Nimepandikizwa jino! Kwa sasa ni skrubu tu ndani ya mfupa, jino lenyewe baadaye. Daktari kasema nile vyakula laini, nisukutue kwa maji ya chumvi, sigara marufuku, ulimi usiguse kidonda. Ulimi umeshagusa. Shavu limeumuka kama andazi. Tandika nzima nani ana skrubu kinywani kama mie?

Jumanne, 6 Agosti
Bi Mwanaheri, mjane wa nyumba ya pili, kaja kunipa pole. Jino lote hili ni kwa ajili yake, ila hajui. Akauliza naumwa nini. Ningesema jino, angeaga palepale. Nikashika shingo, nikanong'ona: uvimbe mbaya wa koo, madaktari wamekata tamaa. Jioni akaleta uji. Mpango umekubali!

Jumatano, 7 Agosti
Uji tena, wa mchele, una tui. Kanilisha kwa mkono wake. Kasema ndivyo alivyomlisha marehemu mumewe, mpaka koo lake likakataa hata maji. Akachota kijiko kingine. Nilitaka kusema kweli. Nikaguna kidogo, anihurumie zaidi.

Alhamisi, 8 Agosti
Uji umenikinaisha. Nikanyemelea kwa Bakari muuza mishkaki. Nyama! Na sigara juu yake. Kugeuka, Bi Mwanaheri huyu hapa, kabeba maziwa yangu.
"Kaka Salumu, unatafuna?"
Nikasema daktari karuhusu leo.
"Nimeanza kukulilia ungali hai," akasema. Akaweka maziwa chini, akaenda zake. Bora angenitukana.

Jumanne, 13 Agosti
Fizi usaha mtupu, skrubu inacheza. Daktari kaing'oa. Kasema kinywa hakikutunzwa. Nimerudi, mlango wa Bi Mwanaheri una kufuli. Bakari kasema kahamia Bunju kwa dada yake, kaondoka anafuta machozi. Nikakaa kwenye kizingiti chake. Nikalia, tena bila kuigiza. Hakuna aliyeuliza naumwa nini.

Jumatano, 14 Agosti
Nimesukutua kwa maji ya chumvi. Yamechoma, nami nimeyaacha yachome. Nyumba kimya. Nimewaza sana, na kosa langu nimeliona: koo! Mgonjwa wa koo akionekana na nyama, kwisha habari yake. Lakini mguu? Mwenye mguu mbovu anakula chochote. Kesho natafuta bandeji na mkongojo, naelekea Bunju.